Wimbo wa Matoleo na Mashine ya Kijivu

Mama yangu aliamini kwamba nguruwe hajui kuogelea. Aliamini hivyo mpaka siku nguruwe wetu aliporuka majini karibu na Yanonge.

Tulikuwa ndani ya baleinière, ile mashua ndefu ya mbao yenye motere, tukitoka Isangi kuja mjini Kisangani. Nguruwe alikata kamba kwa meno, akatuangalia kidogo kama mtu anayeaga, kisha akaingia mtoni. Abiria wote wakakimbilia upande mmoja kumwona, mashua ikalala, na nahodha akatukana ukoo wetu wote kwa Kilingala, halafu kwa lugha nyingine ambayo mpaka leo sijaijua. Nguruwe alikuwa anaogelea kichwa juu, bila haraka, kama bwana anayekwenda ofisini. Mama analia, shangazi anacheka, wanaume wanatupa kamba. Alipatikana. Nyama yake sikuonja, na hilo linaniuma kuliko mambo mengine makubwa.

Lakini katikati ya fujo ile kulikuwa na mzee mmoja amekaa juu ya magunia ya mihogo, anapiga likembe, kile kisanduku chenye meno ya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba. Hakuacha hata kidogo. Wanaume walipovuta kamba, aliwapigia wimbo wa kuvuta, na wao wakavuta kwa wimbo. Nguruwe alipowaponyoka tena, mzee akageuza, akapiga kitu cha kuchekesha, mashua nzima ikacheka. Mimi nilikuwa mdogo, nimeshikilia bakuli letu la wali lisimwagike. Nilisahau bakuli. Wali ukaenda kwa samaki, mimi nikala kofi, na tangu siku hiyo nikataka kupiga muziki.

Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, tulikubaliana. Nimepiga gita kwenye matanga ya Mangobo na harusi za Kabondo. Vita vikaja, gita likaondoka na wanaume wenye bunduki, ambao hawakuniuliza kama nina lingine. Baadaye nikaangukia kanisani, kwenye kinanda cha umeme, na hapo nilipewa kazi moja niliyoipenda kuliko zote: wimbo wa matoleo.

Kwa wasiojua, nieleze. Kwetu hatupitishi kikapu kwenye viti. Kikapu kinakaa mbele, na watu wanakwenda kutoa wakicheza, mstari mzima, wamama kwanza. Wimbo hauna mwisho wake wenyewe. Unakwisha mtu wa mwisho akisharudi kukaa. Na mtu wa mwisho kwetu alikuwa mama mmoja mwenye nyonga mbovu, anatembea na fimbo, na huyo mama hakubali kurukwa wala kuletewa kikapu alipo. Anacheza kila hatua. Wenzake wakishakaa, wakishajifuta jasho, yeye bado yuko katikati ya kanisa. Basi mimi ninamngoja. Ninapunguza, ninapandisha, naangalia mguu wake. Kumnyima mama yule wimbo wake ni kumwambia mbele ya wote kwamba amechelewa. Hilo nilikataa. Nilikataa zamani, na bado ninalikataa.

Bon. Kinanda kile kikafa. Courant, yaani umeme, ilikatika, kisha ikarudi kwa nguvu kama mtu mwenye hasira, na moshi ukatoka kati ya vibonyezo. Nilikipepea kwa kofia. Unaweza kupepea maiti, haitakuamkia.

Binti yangu anashughulikia sauti kwenye redio moja hapa mjini, na mambo haya ameyasomea. Akaniambia:

"Papa, siku hizi vinanda viko ndani ya ordinateur, ndani ya kompyuta. Piano, ogani, violon, vyote. Tunatafuta clavier bubu, ubao wa vibonyezo tu, unaichomeka, sauti inatoka ndani ya ordinateur."

"Bubu namna gani?"

"Peke yake haisemi kitu. Inapeleka habari tu: papa amebonyeza hapa, papa ameinua kidole."

"Kama mbea."

"Kama mbea, papa."

Rais wa kamati ya muziki aliposikia, alifurahi sana. Huyu rais hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anavaa koti hata jua likiwa juu ya utosi, na alijua kupokea wageni. Alikuwa ameona kompyuta moja nyeupe, nyembamba kama sahani, kwenye dirisha la duka katika commune ya Kisangani, mtaa wenye jina la mji wenyewe.

"Ile njo yetu," akasema. "Wageni wakiiona pale mbele, watajua kanisa hili limeendelea."

"Wageni wanakuja kuona ao kusikia?" nikauliza.

"Papa, usianze."

Nilianza. Tulibishana mpaka binti yangu akasema basi, mashine atainunua yeye, itakuwa ya baba yake, na baba yake ataichagua. Rais akakunja uso, lakini zawadi ya mtoto kwa mzazi nani ataikataza?

Tukaenda dukani tumebeba clavier ambayo binti alishaipata, pedali, kisanduku cha sauti na spika yake ndogo. Mwenye duka alikuwa mtu wa Maniema, mwenye kofia ya kufuma na mdomo mwepesi. Akatuletea ile nyeupe kwa mikono miwili, kama anashika mtoto wa siku ya kwanza.

"Muzee, hii unagusa kwa kidole tu."

Binti yangu akaigeuza ubavuni. "Iko na tundu moja. Papa atachomeka wapi clavier, atachomeka wapi kisanduku cha kupeleka sauti kwenye spika, atachomeka wapi courant?"

"Kuna kigawanyio, unaongeza."

"Tundu moja kwa watu watatu? Hiyo ni ndoa ya fujo."

"Mi niko na wawili," mwenye duka akasema, "na nyumba iko na milango miwili. Uko na haki, dada."

Tuliijaribu hata hivyo. Nilibonyeza, sauti ikaja nyuma ya kidole, kama mtu unayemsalimia njiani akakuitikia ukiwa umeshapita. Binti akaiharakisha kwa kugusa vitu fulani, na kweli ikaharakisha, lakini ikaanza kukwaruza kama mahindi kwenye kikaango. Akaweka kiganja chini yake: moto. Haina feni. Chini ya mabati ya kanisa letu, mchana, ingekuwa sufuria.

Nyuma ya kabati kulikuwa na nyingine, ya kijivu, nzito, iliyofanya kazi ofisini huko Ulaya mpaka herufi zikafutika. Matundu yake mengi. Binti akauliza habari za disk, kwa sababu ile ya zamani inazunguka ndani kama sahani ya gramafoni, na wamama wakicheza juu ya mbao za jukwaa inaweza kukosa hatua. Hii haizunguki. Akauliza kama nafasi ya kukumbuka inatosha, maana piano moja nzuri inataka nafasi kubwa. Inatosha. Akataka betri mpya, akaletewa. Mimi nilikuwa na swali moja tu.

"Zima groupe," nikamwambia mwenye duka, maana duka lilikuwa linakula umeme wa jenereta.

"Muzee! Nizime groupe, duka lote lilale?"

"Kanisani courant inakatika bila kuniomba ruhusa. Zima."

Akazima. Feni za duka zikanyamaza, redio ikanyamaza, na mashine ya kijivu ikaendelea. Kisanduku cha sauti kilikuwa kinakula kutoka kwake, na spika ndogo ya binti ina betri yake. Nikapiga wimbo wa matoleo wote, vidole kumi na mguu kwenye pedali, ogani chini na piano juu. Hakuna kilichokwaruza. Wamama wanaouza makemba, ndizi za kupika, nje wakaja mlangoni wanacheza, mmoja na beseni yake kichwani.

"Muzee, chukua yako uende," mwenye duka akasema. "Wateja wangu wamekuwa kwaya."

Nyumbani binti akaifungia kila kitu. Haiendi tena internet, haijisasishi yenyewe, hailali bila kuambiwa. "Imekuwa masera, mtawa kabisa," akasema, "haitoki tena nje ya konva." Na kwa miezi mingi ilipiga kama masera mwenye afya. Yule mama wa nyonga alisema ogani imenona.

Halafu ikaja sikukuu ya kanisa, na wageni kutoka Kinshasa wamekaa mbele. Kwetu mpigaji akipiga vizuri, mama mmoja anatoka kwenye mstari, anapanda jukwaani akicheza, anampangusa jasho kwa kitambaa. Ni heshima kubwa, na wewe unainamisha kichwa upanguswe. Binti yangu na elimu yake, mimi na uzee wangu, tulifikiri joto, tulifikiri courant, tulifikiri mtikisiko. Hakuna aliyefikiri pagne, kitenge cha mama. Mama aliyepanda siku hiyo alinipangusa vizuri sana, akageuka kwa maringo, na pindo la pagne likabeba kebo ya clavier.

Vidole vyangu vilikuwa juu ya ogani. Nikaviinua, lakini mbea alikuwa amekatwa ulimi, hakuna wa kuipelekea mashine habari. Ikaendelea kulia noti zile zile: huuuuu. Nabonyeza, hainisikii. Huuuuu.

Mpiga ngoma wetu alinitazama, akacheka, akaongeza nguvu. Kwaya wakapanda juu ya noti ile wakaimba kama vile tulipanga. Mimi nikachomeka kebo, nikafunga piano ile ya ndani ya mashine na kuifungua upya, nikangoja, jasho lote likarudi. Sauti ikaja. Mama wa nyonga alikuwa bado katikati, na akafika kwenye kiti chake ndani ya wimbo. Pasta alisema amina akicheka.

Rais hakucheka. Alinisubiri nje.

"Papa, umetuaibisha mbele ya wageni."

"Nani aliacha kucheza? Nionyeshe mmoja."

"Kuanzia sasa tutatumia clé, hii flash yangu. Wimbo umerekodiwa Kinshasa, iko na violon za kweli. Wewe utakaa kwenye clavier kama kawaida, utaweka mikono tu."

"Niiweke juu ya nini?"

"Juu ya clavier! Watu waone kuna mpigaji."

"Mikono yangu si maua ya meza."

"Clé haikosei, papa."

"Hata jiwe halikosei. Waambie jiwe liwapigie."

Binti yangu alileta kamba na scotch ya kunata, tukaifunga kebo kwenye mguu wa meza, ikakaa mahali ambapo hata ng'ombe asingeing'oa. Nikamwita rais aje kuivuta. Alikataa kuigusa. Pasta, ambaye anapenda amani kuliko kitu kingine, akaniomba nivumilie dimanche moja tu, ibada moja ya Jumapili. Nikamwambia nitakaa pale, lakini sitaigiza.

Nikakaa. Mashine yangu mbele yangu, kebo yake ya sauti imeng'olewa kwenye spika. Mikono nikaiweka magotini, wazi, kila mtu aione. Rais akachomeka clé kwenye mashine ya spika, akabonyeza, wimbo ukaanza. Ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Wamama wakacheza, mstari ukaenda, ukarudi. Mama wa nyonga akatoka wa mwisho, kama siku zote. Alikuwa bado hajafika kwenye kikapu, fimbo mbele, bega linacheza, wimbo ukafika mwisho wake mzuri ukakatika: pa!

Kimya. Mama amesimama peke yake katikati ya kanisa. Rais akabonyeza tena haraka, na wimbo ukaanza mwanzoni, pale ambapo mtu anasalimia kwanza waumini wa parokia nyingine huko Kinshasa, kwa majina yao, mmoja mmoja. Watoto wakacheka. Mama hakujua aende au arudi. Akaniangalia mimi.

"Papa," akasema kwa sauti, "unaniacha?"

Nikasimama. Nikapiga makofi, nikaimba na koo langu hili lililochakaa, nikitazama mguu wake. Mpiga ngoma akaingia. Halafu wamama wakaingia. Rais akapandisha clé, sisi tukapandisha koo. Mama akacheza mpaka kikapuni, akatoa, akacheza mpaka kwenye kiti chake, akakaa. Ndipo nikanyamaza.

"Papa, kaa chini," rais akaniambia, meno yamebanwa.

Nikafunga mashine ya kijivu, nikaiingiza kwenye sac, mfuko wangu wa begani. Nikafungua ile kamba kwenye mguu wa meza, nikaikunja kebo taratibu, clavier nikaitia chini ya kwapa. Nikapita katikati ya kanisa, mlango mkubwa, wote wananiona. Sikurudi tena.