Dada Kimya wa Meza ya Pembeni

Alizaliwa tarehe nne mwezi wa tatu, mwaka 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa tano kati ya saba. Baba yake alikuwa mchoma matofali na mama yake alishona sare za shule. Mkunga aliyempokea alisimulia baadaye kwamba mtoto alilia mara moja tu, kisha akatulia akawa anatazama mwanga wa dirishani, hata mama yake akaingiwa na hofu akauliza, "Huyu mtoto ana nini?" Swali hilo lilimfuata miaka sitini na mitatu. Hakuwa na kitu. Alikuwa mzima wa mwili na akili, na moyo wake ulikuwa mpana kuliko wa wengi waliomuuliza. Alikuwa mkimya tu, nasi tulimfanya aulipie ukimya huo kama mtu aliyeiba.

Nyumba ile haikukaukiwa wageni. Yeye alikaa nyuma ya cherehani ya mama yake akipanga vifungo kwenye makopo kwa ukubwa wake, na alipofika miaka sita alijua kila shati la shule linakula vifungo vingapi bila kuuliza. Shangazi yake, mwanamke wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, alikuwa akimvuta kwa mkono mbele za watu. "Toka huko usalimie! Umemeza ulimi? Au unaona sisi si watu?" Mtoto alitoka, akamsalimu kila mmoja kwa heshima, mkono kwa mkono, hakumruka hata mmoja, kisha akarudi kwenye makopo yake. "Anaringa," shangazi alihitimisha. Wote waliomjua tangu utoto wanakiri kwamba hakuna siku aliyompita mtu bila kumsalimu. Lakini neno la shangazi lilishakwenda mtaani, na neno la namna hiyo halirudi. Shuleni nako, ripoti za miaka saba zimeandikwa na walimu tofauti kwa maneno yaleyale: "Anajua, ila hachangamki."

Aliusikia wito mapema. Jumapili, wenzake walipokusanyika nje ya kanisa kupiga soga, yeye alibaki ndani kwenye benchi la mwisho, kanisa likiwa tupu. Alimwambia mama yake kwamba hapo ndipo husikia vizuri. Mwaka 1977, akiwa na miaka kumi na tisa, aliingia nyumba ya watawa, na ungedhani amefika kwao. Alikaa miezi minane. Barua iliyomrudisha nyumbani bado ipo, imekunjwa mara nne. Mlezi wa wasichana wapya aliandika: "Ni mtiifu, mchapakazi, na mwenye sala. Lakini saa ya mazungumzo hachangamki, na maisha ya pamoja yanahitaji moyo mchangamfu." Basi msichana alifukuzwa kwa ajili ya ukimya katika nyumba ambayo ukutani mwa ukumbi wa chakula palibandikwa maandishi makubwa ya kuwataka watu wanyamaze. Hakubishana. Alibeba sanduku lake hadi kituoni kwa miguu, na miaka yote iliyofuata hakumsema mlezi yule vibaya. Sisi tunaoandika hatuna utakatifu wa kiasi hicho.

Mwaka 1979 aliajiriwa hospitalini, katika chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji. Ni chumba kirefu kisicho na dirisha la nje, chenye mitambo miwili ya mvuke, masinki manne na rafu hadi darini. Kazi yake ilikuwa kufunga vifurushi. Mikasi, visu, vibano vya kuzuia damu, sindano na shashi huhesabiwa kwa orodha, hufungwa kwenye kitambaa cha kijani, huingizwa kwenye mvuke, na juu yake hubandikwa utepe wenye tarehe na jina la aliyefunga. Kifurushi kikifika chumba cha upasuaji hakuna muda wa kurudi nyuma kutafuta kilichosahaulika. Yeye alichukua meza ndogo ya pembeni, iliyoelekea ukuta. Alihesabu mara mbili, ya pili kutoka mwisho kwenda mwanzo, midomo ikicheza bila sauti, na kwenye utepe, chini ya jina lake, aliandika neno moja: Kamili. Aliwahi kumwambia paroko kwamba kila kifurushi alikifunga huku akimwombea mtu ambaye kitafunguliwa kwa ajili yake, mtu asiyemjua na asiyehitaji kumjua.

Wenzake walimpa jina la Dada Kimya, na halikuwa jina la sifa. Saa ya chai walicheka: "Huyu hata kupiga chafya anaomba ruhusa." Asipohudhuria sherehe ya kumuaga mtu walisema anajisikia. Akihudhuria na kukaa kwenye kona walisema amekuja kutuchunguza. Hakuna aliyekumbuka kwamba alipofiwa mfagiaji, ni yeye aliyemshikia zamu wiki mbili bila kutangaza.

Mwaka 1994 alikuja Matroni mpya, aliyewekwa kusimamia chumba kile. Alikuwa mama wa maneno matamu, mtu wa watu kama mwenyewe alivyopenda kujiita, na siku ya kwanza alitutangazia sisi wafanyakazi wa chumba mpango wake uitwao Familia Moja. Meza ndogo ziliondolewa. Palikuja meza moja kubwa katikati ya chumba, tukae wanane kuizunguka, tufanye kazi huku tukiongea, maana, alisema, kazi ya kununa haina baraka. Tena akaagiza kwamba kwenye utepe tusiandike tena majina, kwa kuwa majina yanaleta majivuno. Kila kifurushi kiandikwe FAMILIA. Meza ya pembeni aliiachia birika la chai. Dada Kimya aliomba aachiwe meza yake. Matroni alimshika bega mbele yetu sote. "Mwanangu, changamka basi! Hapa hatuli watu. Utakufa na upweke wako." Tukacheka.

Kilichofuata kilijulikana kwa kila aliyekaa kwenye meza ile. Hadithi ilinoga, mmoja akaweka mikasi, mwingine vibano, wa tatu akafunga, na kila mmoja akadhani mwenzake amehesabu. Wa kuulizwa hakuwepo, kwa kuwa jina la utepe lilikuwa letu sote. Dada Kimya alimwandikia Matroni barua, na baada ya mwezi ya pili, na baada ya wiki mbili ya tatu, akitaja tarehe na upungufu aliouona. Hakujibiwa. Ndipo alipoanza kuja kazini saa moja kabla ya wote, akafungua vifurushi vya jana kimoja kimoja, akahesabu, akajazia, akavifunga upya na kuvirudisha mvukeni. Kwa miezi mitano hospitali ile iliishi kwa saa hiyo moja. Matroni alipopata habari alikasirika. Alisema ni tabia ya kujitenga na kuwavizia wenzake, akabadilisha kufuli na ufunguo akautia mfukoni mwake.

Siku ya nane baada ya kufuli lile, tarehe kumi na mbili mwezi wa kwanza mwaka 1995, saa nne asubuhi, mama mjamzito alipasuliwa haraka. Mtoto alitoka salama, lakini mama alivuja damu. Kifurushi kilikuwa na vibano viwili mahali pa sita. Wakafungua cha pili: vitatu, na mkasi wa ziada usio na kazi. Muuguzi alikuja mbio koridoni akipiga kelele, na sisi kwenye meza kubwa tukaanza kuongea wote kwa pamoja, nani alifunga, nani alikuwa zamu, mimi nilikuwa nafunga vya meno, usinitazame mimi. Dada Kimya aliinuka. Alikwenda kwenye meza ya birika, akainama, akatoa chini yake kifurushi alichokifunga peke yake siku kumi kabla, tarehe yake ikiwa bado halali, kikiwa na jina lake na lile neno moja. Akamkabidhi muuguzi mikononi, akarudi kukaa. Daktari mpasuaji alishuhudia baadaye kwamba hakuhesabu. Alisoma utepe akanyoosha mkono. Mama yule aliishi.

Kamati iliundwa. Waliyemwita kwanza ni Dada Kimya. Mwenyekiti alimuuliza, "Kama uliona hatari, kwa nini hukusema?"

"Niliandika. Mara tatu."

"Hatujakuuliza kuandika. Tunauliza kwa nini hukusema."

Barua zilitolewa kwenye droo ya Matroni, hazijafunguliwa. Matroni hakuona haya hata kidogo. "Mimi mlango wangu uko wazi siku zote," alisema. "Mtu mwenye nia njema anakuja tunaongea. Barua ni za watu wenye mambo yao." Kamati ilitikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyezifungua hata hapo. Walipomuuliza Dada Kimya kama ana la kuongeza, aliuliza jambo moja tu: "Yule mama anaendeleaje?" Walimwona anakwepa. Uamuzi ukasema kwamba chanzo cha tatizo ni kukosekana kwa ushirikiano, kwa hiyo mfanyakazi huyu ahamishiwe mapokezi, akazoee watu.

Alikaa mapokezi miaka saba. Mbele yake palikuwa na foleni, simu mbili, kipaza sauti na redio ambayo haikuzimwa. Alikuwa akiishi kwa kaka yake, na jioni aliingia chumbani nusu saa, akalala na kitambaa chenye maji juu ya macho, kisha akatoka kusaidia kupika. "Wenzako wakitoka kazini wanaleta habari," wifi yake alimwambia. "Wewe unatuletea kichwa kinachouma." Wapo wahubiri siku hizi wanaopenda kusimulia kwamba pale mapokezi Mungu alimponya akawa mchangamfu. Ni uongo. Hakubadilika, na hakuwa na cha kuponywa. Aliandika majina ya wagonjwa bila kukosea, aliwatazama usoni wakati wanaeleza, na hakumkatiza mtu. Wazee walikuwa wakiulizana kwenye foleni, "Yule asiyetukatiza maneno yupo leo?" Na kila mwaka, tarehe ileile ya kuhamishwa kwake, aliandika barua ya kuomba meza ya pembeni. Hilo ndilo jambo pekee alilowahi kujiombea duniani.

Mwaka 2002 daktari mpasuaji yule alifanywa mganga mkuu. Katika kabati la ofisi alizikuta barua zote, zile tatu na nyingine saba, akazisoma alasiri moja. Alishuka mwenyewe hadi mapokezi, akasimama kwenye foleni mpaka zamu yake ikafika.

"Dada, meza yako bado ipo?"

"Ipo. Ina birika juu yake."

"Litaondoka leo."

Tangu siku hiyo majina yalirudi kwenye utepe, na saa ya kuhesabu ikawa saa ya kunyamaza. Alifanya kazi kwenye meza yake miaka kumi na sita mingine, hadi alipostaafu mwaka 2018. Hakikupatikana kifurushi chake hata kimoja chenye upungufu.

Alifariki mwezi wa tisa mwaka 2021, kwa ugonjwa wa ini, katika wodi ya hospitali ileile. Siku ya mwisho walimjia wageni kumi na wanane kwa mpigo, kwaya, chama cha akina mama, na wafanyakazi wastaafu, asijisikie mpweke. Walisimama kuzunguka kitanda wakiongea juu yake kana kwamba ni meza ile kubwa. Alifungua macho. "Naomba mnyamaze kidogo." Kiongozi wa kwaya alisema, "Mgonjwa amenyong'onyea, tumchangamshe na wimbo mmoja." Nao wakaimba. Mlangoni alifika mwanamke muuza vitambaa, yule aliyeokolewa na kifurushi cha chini ya birika. "Jamani, mgonjwa amesema mnyamaze. Hamkumsikia?" Wengine walinuna, wakasema huyu naye ni nani, lakini walitoka. Mwanamke alifunga mlango, akakaa kwenye kiti, hakusema neno. Yeye mwenyewe ndiye shahidi wa maneno ya mwisho ya Dada Kimya: "Asante. Sasa nasikia." Ilikuwa saa nane mchana. Saa tisa alikuwa amelala.

Kanisa halijatangaza lolote juu yake, na hukumu ni ya Kanisa. Sisi tunasimulia yaliyosimuliwa. Wapo akina mama wanaokwenda kujifungua na kipande cha utepe wake chini ya mto, nao wanasema hofu huwatoka. Muuguzi mmoja aliyetaka kuacha kazi aliketi kwenye meza ya pembeni robo saa, akainuka akarudi wodini kwake. Kwenye misa ya kumbukumbu Matroni, ambaye sasa ni mzee, alishika kipaza sauti dakika arobaini akasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Tuliokaa kwenye meza ya watu wanane tulimsikiliza, na safari hii hakuna aliyecheka. Tulijua vibano havihesabiwi. Tulikuwa na midomo minane mizima, na hatukusema.

Anayetaka kumwiga na ahesabu mara mbili kazi aliyopewa, amwombee asiyemjua, aandike jina lake chini ya alichokifanya. Na asiyeweza kufikia hapo, basi akimkuta mtu wa namna yake, kazini, nyumbani au kwenye benchi la mwisho, asimwambie achangamke. Amsalimu, afungue barua yake aisome, aondoe birika mezani pake, kisha atoke na kuufunga mlango polepole.