"Mafi" Niliyoiandika Kwenye Dodoso

Leo neno moja la mkono wangu limefuta nyumba ya mtu.

Kampuni yetu ya washauri imeajiriwa kupanga upya katikati ya Jeddah. Mwezi uliopita nilipita na dodoso mlango kwa mlango nikiuliza: wangapi wanaishi hapa?

Bi Zuhura, Mzanzibari mwenzangu anayenipikia kila nishukapo Jeddah, aliitazama beji yangu, akajibu kwa Kiarabu, kama hanijui: "Mafi." Hakuna.

(Nyuma yake palikuwa na jozi tisa za viatu.)

Ikama yake, kibali cha kuishi nchini, imekwisha; aliogopa karatasi. Nikaandika alivyosema. Nilidhani namsitiri.

Leo asubuhi, kikaoni Riyadh, ramani ikaonyeshwa. Nyumba yake ina rangi ya kijivu: haina watu, ibomolewe kwanza.

Nikanyoosha mkono. "Pale wanaishi watu."

"Mshauri, takwimu si zako mwenyewe?" akauliza mkuu wa mradi.

"Zina kosa."

"Basi tupe majina yao, turekebishe."

Majina! Ya watu wasio na ikama!

Nikashusha mkono.

"Halas, yamekwisha," akasema. "Ramani inayofuata."

Sina hakika, hata sasa, kama jina lingemwokoa au lingemfukuzisha mapema zaidi. Ninyi mngelitaja? Tafadhali msinijibu haraka.

Nimetoka hapo nikampigia simu Bi Zuhura, nimwambie atafute pa kuhamia. Akaniwahi:

"Mwanangu, siku ile ulinisitiri. Na wewe Mungu akusitiri."

Nikaitikia amina. Nililompigia sikulisema.