Mgeni Haji na Kiti

Ofosuhene hajawahi kumwambia mtu hapana. Ndiyo maana wanaomjua hawamwamini, na wasiomjua vizuri, yaani ndugu zake walioko Ulaya, wanamwegemea kama ukuta.

Nimepanga chumba cha uani nyumbani kwake Dansoman, hapa Accra, miaka mingi sasa. Huwa naondoka, narudi, naondoka tena, na kila nikirudi namkuta pale pale kibarazani, simu sikioni, akiahidi. Zamani alikuwa karani bandarini Tema. Alistaafu mapema, na sababu ya kustaafu ameshanisimulia kwa namna tatu tofauti, zote yeye akiwa shujaa. Baada ya hapo alipata kazi inayomfaa: kuwa mjomba.

Kwa Waakan, kabila la Ofosuhene, mjomba si mtu wa mchezo. Ukoo ni wa mama, na kaka wa mama ndiye mdomo wa watoto. Wenye busara hutumia mdomo huo kupatanisha watu. Ofosuhene aliugeuza duka. Kila Desemba wapwa zake wanapopanda ndege kuja nyumbani, yeye ndiye anayewapangia kila kitu: ukumbi, jenereta, wapishi, gari. Ukimtajia shida, hata hujafika katikati ya sentensi, anakujibu: "Imeisha hiyo." Alimpangia mpwa mmoja ukumbi wa harusi, kumbe ulishachukuliwa na watu wengine, maharusi wawili wa kike wakakutana mbele ya keki moja. Jenereta la msiba wa binamu yake lilifika marehemu ameshazikwa. Alipoulizwa, alisema marehemu hakuhitaji taa.

Na lile gari lake. Ni la rangi ya fedha, lilikuja kwa meli kutoka Ubelgiji likiwa limeshatumika na watu wawili au watatu. Viti vyake vimefunikwa nailoni, kama gari lililotoka kiwandani jana. Nailoni ile haikuja na gari. Aliinunua mwenyewe sokoni, akaivisha, akaibana kwa pini. Siku za joto ukishuka, paja linabanduka kwa sauti ya plasta inayovuliwa kwenye kidonda. Mtaa mzima ulimsifu kwa kutunza gari. Ndivyo tulivyo.

Mpwa wake Pomaa ni muuguzi Hamburg. Ana watoto wawili: Yaw Barima wa miaka minne, na Afrakoma wa miezi kumi, ambaye bibi mzaa mama wa Pomaa alikuwa hajamwona. Bibi huyo, Twenewaa, anaishi Mampong, kaskazini ya Kumasi. Ni mama mzazi wa Ofosuhene, na mwaka ule mapafu yake yalikuwa yakimsumbua. Alikuwa ameomba jambo moja tu: ampakate Afrakoma kabla hajaondoka duniani.

Mwezi wa tisa Pomaa alituma ujumbe wa sauti. Mjomba wake aliucheza kibarazani, sote tukausikia. "Mjomba, shikamoo. Nahitaji viti viwili vya watoto vya gari, cha mdogo na cha mkubwa, vyenye mikanda yake. Barabara ya Kumasi unaijua. Bila viti sitapanda."

"Imeisha hiyo," alisema Ofosuhene.

Mwezi wa kumi na moja Pomaa alipiga tena. Alisema ana viti vyake nyumbani, vizuri, na ndege inavibeba bila malipo. Aje navyo tu, amwondolee mjomba usumbufu. Hapo Ofosuhene alisimama. Nilimwona akisimama, ingawa aliyekuwa akizungumza naye alikuwa ng'ambo ya bahari.

"Pomaa! Unataka kunivua nguo? Mgeni akifika kwetu, kitu cha kwanza anapewa nini?"

"Kiti, Mjomba."

"Halafu?"

"Maji."

"Halafu ndipo anaulizwa habari. Sasa wewe utoke Ulaya na kiti kichwani, watu waseme kwa Ofosuhene wageni wanakaa chini? Mgeni haji na kiti, mwanangu. Acha huko huko."

Pomaa akaviacha. Kulelewa vizuri nako kuna hasara zake.

Siku ya kumpokea, mjomba alivaa shati lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Mkewe, Mama Dufie, alikaa mbele, mahali pake pa kudumu. Mimi nilikuwa na safari ya Kumasi, kwa hiyo nikapewa nafasi nyuma kwa sharti la kubeba masanduku. Nilipofungua mlango wa gari nikakuta kitu kimekaa pale kama bibi harusi.

Kilikuwa kiti cha mtoto, ndiyo. Lakini kilikuwa kimevishwa lesi nyeupe toka juu hadi chini, na tepe za dhahabu, na maua ya plastiki mawili kando ya kichwa. Nikakitambua. Ni kile cha studio ya picha karibu na kituo cha mafuta, ambacho kila mtoto wa Dansoman amekalishwa akapigwa picha siku ya kupewa jina. Ofosuhene alikuwa amekiazima kwa msimu wote.

"Cha pili kiko wapi?" nikauliza.

"Cha pili cha nini? Yaw Barima ni mwanaume. Mama Dufie atampakata."

Pomaa alitoka uwanja wa ndege na Afrakoma mgongoni ndani ya kitenge, Yaw Barima amemshika mkono, nyuma mbeba mizigo na masanduku. Wakakumbatiana. Mjomba akafungua mlango wa nyuma kwa madaha, kama mtu anayezindua zahanati.

"Haya! Kiti cha enzi hicho! Hata mtoto wa chifu hajakalia kitu kama hiki."

Pomaa alisogea karibu. Aliingiza mkono chini ya lesi, akapapasa, akautoa, akaupeleka upande wa pili.

"Mjomba, mikanda iko wapi?"

"Mikanda ya nini?"

"Ya kumfunga mtoto."

"Mtoto ni mbuzi, afungwe?"

Mbeba mizigo akacheka. Pomaa akaweka kidole kimoja kwenye kiti, akakisukuma kidogo tu. Kikateleza juu ya nailoni mpaka mlango wa pili, kama sabuni kwenye sakafu ya bafu.

"Mikanda ilikatwa na mwenye studio," alisema Mama Dufie kutoka mbele, bila kugeuka. "Ilikuwa inakunja nguo za watoto kwenye picha."

"Na huyu mkubwa?"

"Mapajani kwangu. Mapaja ninayo, mwanangu, huyaoni?"

"Nayaona, Mama Dufie. Lakini hatupandi."

Ofosuhene akatazama kulia na kushoto. Magari yalikuwa yamejaa, familia zinakumbatiana, na kwa bahati mbaya yake watu walikuwa wameanza kusikiliza. Hapa nchini kwetu ugomvi wa ndugu hauna tiketi. Kila mtu anaingia.

"Pomaa, usiniaibishe. Wewe mwenyewe ulitoka Mampong ukiwa mgongoni kwa mama yako, juu ya lori la viazi vikuu. Ulikufa?"

"Mimi sikufa," alisema Pomaa. "Kwaku je?"

Kwaku alikuwa mdogo wake. Alikuwa amepakatwa na mama yao kwenye kiti cha mbele, basi dogo lilipogonga lori lililoegeshwa gizani karibu na Nkawkaw. Mama alivunjika mkono. Mtoto alipita kwenye kioo. Mimi niliijua habari hiyo kwa kuwa Ofosuhene mwenyewe alinisimulia, kwa machozi, akielezea jinsi alivyoyapanga vizuri mazishi.

"Ile ilikuwa mipango ya Mungu," alisema sasa.

"Na hii ni ya kwako. Ya Mungu naiogopa. Ya kwako nimeshaiona."

"Bibi yako anahesabu pumzi kule! Akifa hajamwona mtoto itakuwa juu ya kichwa chako. Na mimi nilikwambia nini? Nilikwambia mgeni haji na kiti!"

"Mjomba, chifu akienda ugenini, kiti chake kinabaki nyumbani?"

Ofosuhene akaanza kurekebisha kola ya shati lake.

"Nakuuliza. Si kuna mtu amekibeba, anakwenda nacho mbele ya watu wote? Wenyeji huwa wanasema wametukanwa?"

"Mzee, hapo umeshikwa," alisema mbeba mizigo.

"Wewe beba mizigo!"

"Nibebe nipeleke wapi, mzee? Mwenye mizigo amesema hapandi."

Pomaa alichukua simu, akampigia bibi yake pale pale, sauti ikiwa wazi. Ofosuhene akatikisa kichwa kwa huzuni ya kuigiza, akingoja mama yake amalize kazi aliyoianza yeye. Pomaa alieleza kila kitu: kwamba mumewe, Dankwa, angefika wiki inayofuata, kwamba angekuja na viti, kwamba wao wangemsubiri Accra. Kisha sauti yake ikapungua. "Bibi, kama unaona huwezi kungoja, niambie. Niambie ukweli."

Tukasikia kikohozi kirefu. Kisha: "Nimemngoja mtoto huyu tangu mimba. Wiki moja ndiyo itaniua? Mwaliko wa kifo ninao muda mrefu, sijaujibu. Mlete mzima. Na huyo mwanangu yuko hapo?"

"Nipo, Mama."

"Uliniambia kila kitu kimeisha."

"Kimeisha, Mama, ila huyu mjukuu wako..."

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Pomaa alivuka barabara kwa miguu, mtoto mgongoni, Yaw Barima amemshika mkono, hadi nyumba ya wageni iliyokuwa ng'ambo. Alichungulia kulia, akachungulia kushoto, akachungulia tena kulia. Nilibeba sanduku moja. Usoni hakuwa na ushindi wowote. Alikuwa mwanamke aliyejiwekea dau la pumzi za bibi yake, na sasa lazima angoje aone.

Mtu mwingine angerudi nyumbani akalala. Ofosuhene alikuwa ameshawatangazia watu wa Mampong kwamba analeta wageni, mahema yameshasimamishwa, na kwake hotuba isiyosomwa ni hasara kubwa kuliko mgeni asiyefika. Kwa hiyo tukaondoka hivyo hivyo: yeye, mkewe, mimi, na kiti cha lesi kikiwa kimekaa kitupu kando yangu na maua yake.

Njia nzima alilalamika. Ulaya imewaharibu. Wanaogopa hewa. Wanamfunga mtoto kama mzigo wa korosho. Alikuwa amegeuza shingo kunieleza jambo hilo la korosho tulipoingia Nsawam, na Mama Dufie akapiga kelele: "Mkate! Yule yule, mwenye kitambaa chekundu!"

Hapakuwa na lori. Hapakuwa na mbuzi wala mlevi barabarani. Palikuwa na muuza mkate. Ofosuhene alikanyaga breki kama anaua nyoka.

Mkanda wangu ulinibana kifuani nikarudi. Kiti cha lesi hakikuwa na cha kukibana. Kiliondoka juu ya ile nailoni bila hata kukwaruza, kikapita katikati ya viti vya mbele, kikamparua Mama Dufie sikio, kikapiga dashibodi kwa kishindo na kutulia kichwa chini juu ya gia, ua moja likiwa limebaki limening'inia kwenye kioo cha dereva cha kutazamia nyuma. Redio ilizimika na haijawaka hadi leo.

Muuza mkate alikuja dirishani, akatazama ile lesi, akarudi nyuma hatua mbili akishika mdomo.

"Yesu wangu, mtoto yuko wapi?"

Mama Dufie alikuwa ameshika sikio. Alimtazama mumewe muda mrefu. Nilidhani sasa, hatimaye, tutasikia neno la kweli kutoka kinywani mwa mtu yule.

"Unaona?" alisema Ofosuhene, akinigeukia, uso umejaa nuru. "Ndiyo maana niliwakataza wasipande."

Kisha akanunua mikate miwili.

Mampong alitoa hotuba yake chini ya hema. Alieleza jinsi alivyokikagua kiti, jinsi alivyokitilia shaka, jinsi alivyomwambia mpwa wake, "Mwanangu, ngoja. Hata chifu husafiri na kiti chake." Watu walipiga makofi. Mzee mmoja alimwaga kinywaji chini, kwa mizimu, kumshukuru. Nimesikia waongo katika bandari nyingi na kwa lugha nyingi, na wengi wao walikuwa na haya ya kusubiri siku mbili tatu kabla ya kuiba maneno ya mtu. Mama Dufie alikuwa amekaa na kitambaa kichwani, kimefunika sikio, akila mkate.

Bibi Twenewaa hakutoka chumbani siku hiyo. Ilisemekana amelala. Siku zilizofuata alikohoa, akanywa uji, akakohoa, na kila aliyemtembelea alifukuzwa kwa swali moja: wamefika?

Mimi nilikuwa nimerudi Kumasi kwa shughuli zangu. Siku gari la kukodi lilipopita, Pomaa ndani na Dankwa akiendesha, walinichukua nikae mbele. Nyuma, watoto walikuwa wamefungwa kwenye viti vyao, Yaw Barima akiimba, Afrakoma amelala mdomo wazi. Pomaa alikuwa amebanwa katikati yao. Kila simu yake ilipolia alifumba macho kwanza kabla ya kuitazama.

Bibi alikuwa ametolewa uani, amekaa kwenye kigoda chake, shuka begani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Ofosuhene alikuwa kando yake kwenye kiti kizuri pekee cha nyumba ile, miguu ameinyoosha. Pomaa alishuka, akabonyeza kitu, na kile kiti cha Afrakoma kikatoka garini pamoja na mtoto ndani yake, amefungwa, angali usingizini. Alikibeba kwa mpini wake hadi uani, akakiweka chini mbele ya kigoda.

Yule mkongwe aliinama. Alimtazama mtoto. Aliigusa mikanda kwa kidole, mmoja, wa pili, akauvuta kidogo kuona kama umeshika. Mtoto akafungua macho.

"Huyu kiti anacho," alisema Bibi Twenewaa. "Mpeni maji."

Watu wakacheka, wengine wakajifuta macho, na katika furaha ile Ofosuhene aliona mwanya. "Mimi ndiye niliyemwambia aje nacho, Mama," alisema.

Bibi hakumtazama. Alikuwa anafungua mikanda ya mtoto, polepole, akijifunza.

"Ofosuhene, inuka hapo," alisema. "Mume wa Pomaa hana pa kukaa."