Kiti cha Kushoto

Sitaanza kwa kiapo. Nimeona kwamba mtu akiapa kabla ya kusimulia, msikilizaji huanza kutafuta uongo umekaa wapi. Nitasema tu kwamba haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki yangu wala binamu wa rafiki yangu, katika barabara ya Wete kwenda Gando, na kwamba siku hizo nilikuwa na akili timamu isipokuwa katika jambo moja. Nilikuwa na gari la spoti.

Ndiyo, la spoti. Pemba.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, kisha nikapelekwa Uingereza mwaka mmoja kujifunza ualimu. Wenzangu walirudi na vitabu na makoti mazito. Mimi nilirudi na gari jekundu lililokwisha kuchosha mabwana wawili kabla yangu, lenye viti viwili na lisilo na paa. Turubai lake la kufunika lililiwa na panya melini. Lilishushwa Tanga, kwetu, wiki ileile niliyopata kazi ya kufundisha Wete. Tanga na Pemba siku hizo zilikuwa nchi mbili, kila moja na bendera yake, kwa hiyo kuvuka ule mkono wa bahari kulikuwa ni kuhamia ng'ambo hasa.

Mama alikuja bandarini kuliona. Alilizunguka, akaligusa taa kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Mwanangu, viti viwili tu?"

"Viwili, mama."

"Kimoja chako. Na hiki cha kushoto cha nani?"

Ungejibu nini wewe? Nikasema, "Chako."

Alicheka akajiziba mdomo kwa kanga. Lakini gari halikuwa na petroli siku ile, na kesho yake lilifungwa tena kamba, likaning'inia angani kama ng'ombe anayepakiwa, likavuka pamoja nami. Mama hakupata kukikalia kiti chake.

Gari lile, niliambiwa na aliyeniuzia, lingeweza kwenda maili mia kwa saa. Pemba, ukienda hivyo nusu saa tu, umo baharini. Kazi niliyolifanyisha mimi ilikuwa kungojea kuku wavuke na kukwepa mikeka ya karafuu iliyoanikwa kando ya barabara. Watoto wa Wete waliliita Mtumbwi wa Maalim. Bi Time, mama wa makamo aliyenipangisha chumba, alikuwa na lake kila nilipoliwasha.

"Maalim, hili gari lako utalivisha nguo lini? Lapita mbele za watu na utupu wake."

"Limeumbwa hivyo, Bi Time."

"Aliyeliumba hakumaliza."

Kila siku iliyokuwa kavu, baada ya alasiri, niliendesha mpaka Gando, nikalisimamisha karibu na pwani. Mvua ikiwa imenyesha mchana na hewa imesafika, pale huonekana milima ya Mrima, upande wa bara, mstari mwembamba wa buluu ng'ambo ya maji, jua likishuka nyuma yake. Nilijiambia kwamba mama yuko chini ya kile kilima cha kushoto. Jiografia niliyoisomea ilinikatalia, lakini sikuwa nimekwenda pale kwa ajili ya jiografia.

Utauliza, kwa nini nisivuke? Vyombo vya Tanga vilikuwa vikiondoka Wete mara kwa mara. Tatizo ni kwamba vyombo vile havikuweza kubeba gari, nami nilikuwa nimeazimia kutokwenda nyumbani bila gari. Nilikwisha kuipanga siku yote kichwani: nashuka, nafungua mlango wa kushoto, nasema, "Karibu mama." Meli kubwa ya kulipakia ilikuja kwa nadra, na ilipokuja mimi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Mwaka ukapita, wa pili ukaanza. Mama alinitumia salamu kwa mabaharia: "Muulizeni yuaja lini." Nami nilijibu kwa mabaharia haohao: "Mwambieni nangojea meli."

Sasa sikiliza.

Jioni moja nilichelewa kidogo kutoka Wete, na nilipokuwa njiani magharibi ilikuwa imeshaingia. Nikamwona bibi mmoja kasimama kando ya barabara, amejitanda kanga mbili, hana mzigo. Kisiwani humpiti mtu mzima anayetembea ukiwa na kiti kitupu. Nikasimama.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Wenda Gando?"

"Naenda. Karibu."

Hakupanda. Alikitazama kile kiti, akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiki cha nani?"

Niamini, sijui kwa nini nilimjibu kweli. "Cha mama. Yuko Tanga."

"Basi nakikalia kwa idhini yake," akasema, akaingia.

Tulizungumza njia nzima. Au tuseme yeye aliuliza, nami, niliyezoea kuwauliza watoto wa watu maswali, nikajibu kama mwanafunzi. Mama yu hai? Yu hai. Yu mzima? Mzima. Mbona siendi?

"Nangojea meli ya kupakia gari, Bi."

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Wangu naye yuko hukohuko Mrima. Alisema harudi mikono mitupu. Yuangojea kupata cherehani aniletee."

"Ulimwomba cherehani?"

"Mie? Hata kushona sijui."

Tulipofika penye nyumba za kwanza za Gando nikasimamisha gari. Hakushuka. Akasema, "Umenileta mpaka kwetu, siwezi kukuacha urudi peke yako kama mtu asiyekuwa na watu. Nikusindikize."

Kusindikiza mgeni unakujua: unatoka naye, unakwenda naye kipande cha njia. Lakini kwa gari? Nilidhani ni mzaha wa watu wa kule, nikageuza gari. Alikaa palepale mpaka karibu na Wete, taa za mji zikionekana, akasema, "Hapa sasa mie narudi, kwa miguu yangu."

Na mimi, mwana wa Tanga niliyelelewa vizuri, nikafanya kosa ambalo mtu mkorofi asingelifanya. Nikasema, "Haiwezekani, Bi. Nitakurudisha."

Nikamrudisha. Tulipofika Gando akasema, "Basi na mimi nikusindikize."

Unacheka. Hata mimi nilicheka mwanzoni. Lakini nionyeshe mahali ambapo ningekatia. Yeye mtu mzima, ameniheshimu kwa kunisindikiza. Mimi kijana, nina kipando, nimwache atembee gizani? Kwenda, kurudi, kwenda tena. Na nikueleze lililo zito zaidi: sikutaka kukata. Alikuwa akiniuliza mama hupika nini, huamka saa ngapi, akiniita hunitaje. Tangu nifike Pemba hakuna aliyeniuliza hayo. Nilikuwa nimemwona mama karibu zaidi katika barabara ile kuliko siku zote nilizokodolea macho milima.

Ilikuwa tunarudi Wete, sikumbuki mara ya ngapi, ndipo nilipotaka kumwonyesha kwamba gari lina nguvu. Nikakanyaga mafuta. Upepo ukanipokonya kofia, shati likajaa kama tanga, macho yakanitoka machozi. Nikamgeukia kumpa pole.

Kanga yake ilikuwa imetulia. Si kwamba aliishika. Mikono ilikuwa mapajani. Ncha ya kanga ilining'inia begani pake bila kutikisika, kama ya mtu aliyekaa chumbani, madirisha yamefungwa.

Nimesoma fizikia mimi. Haikunisaidia hata kidogo.

Nilitaka kusema neno, gari likasema kabla yangu: likakohoa, likapwelea, likasimama. Petroli imekwisha. Kukawa kimya, nikasikia tu chuma cha injini kikipoa.

"Basi," akasema kwa upole, "nikusindikize kwa miguu."

Tukatembea. Nilisikia viatu vyangu juu ya kokoto. Vyake sikuvisikia, na alikuwa ubavuni pangu akiendelea kuniuliza: Tanga mlango wenu unatazama wapi? Nilijua, najua hadi leo, kwamba akifika nami mlangoni nitasema tena "nitakurudisha", na tutageuka. Nilikuwa na neno hilo mdomoni tayari.

Bi Time alikuwa amesimama nje na taa ya chemni. Alikuwa na wasiwasi kwa kuchelewa kwangu. Aliponiona alifungua mdomo anitolee maneno, kisha akatazama ubavuni pangu. Uso wake ukabadilika, lakini sauti yake ilitoka laini, kwa adabu ambayo sikupata kumsikia nayo.

"Bi, hapa panatosha. Ahsante kwa kumleta. Rudi kwa salama."

Nilipogeuka palikuwa na barabara tu.

Aliniingiza ndani akanikalisha. "Hukumwambia panatosha?"

"Nilimwambia nitamrudisha."

"Yarabi! Maalim, na usomi wote huo!" Akakaa chini, akacheka. "Yule alikuwa na mwana mmoja, akaenda Mrima. Kila mgeni akija kwake, hata wa kuja kuazima chumvi, humsindikiza mpaka pwani, pengine atakutana na mwanawe anashuka. Kafa kitambo, kusindikiza hakuacha. Si mbaya, hana dhara. Lakini mwenye kusindikizwa ndiye akataye. Usipokata wewe, yeye hakati."

"Na yule mwana?"

"Watu wasema yuko. Yuangojea nini, sijui."

Asubuhi tulilikuta gari palepale. Kiti cha kushoto, ambacho jana yake ngozi yake ilikuwa imekaza, kilikuwa kimebonyea.

Chombo cha kwanza kilichoondoka kwenda Tanga nilipanda, nikiwa na mkoba na haya zangu. Mama alinikuta mlangoni, akachungulia nyuma yangu.

"Gari liko wapi?"

"Nimeliacha, mama."

"Afadhali! Nilikuwa naliogopa sijui nikwambie vipi."

Nilikaa likizo nzima. Siku ya kurudi alinisindikiza, kwanza mpaka kona, kisha mpaka sokoni, kisha mpaka bandarini, akipumzika na kuanza tena. Nilikuwa nayajua maneno ya kusema. Kila nilipofungua mdomo niliona jinsi anavyojitahidi miguu iende sawa na yangu, nikanyamaza. Nilipanda chomboni naye amesimama ukingoni, anangojea niseme, au anangojea nisiseme. Chombo kikaondoka.

Alifariki kabla ya karafuu kuchumwa tena. Habari ilinifikia baada ya maziko.

Nilibaki Wete, nikaoa, nikaota kitambi ambacho kile kiti changu hakikukipenda. Gari bado ninalo. Haliendi mbio tena, na bado halijavishwa nguo. Bi Time mwenyewe ametangulia mbele ya haki, la sivyo angekuthibitishia.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayepita barabara ile magharibi. Bibi akikusimamisha, mpakie, msalimie, mjibu maswali yake. Lakini mkifika sema palepale, kwa adabu: "Bi, hapa panatosha." Usingoje. Usijione una malezi mazuri kuliko yeye.

Usiniige mimi. Mimi huenda Gando mpaka leo siku ya hewa safi. Yule bibi sijamwona tena. Ila wakati wa kurudi, nikishageuza gari, spring za kiti cha kushoto hulia kidogo, na kiti hushuka taratibu, kama anapokalia mtu mwepesi anayeogopa magari. Hapo napunguza mwendo. Maneno ninayajua.

Siyasemi.