Mitaro ya Hiari ya Carama

Tangu utotoni sipendi maneno mengi. Mama yangu alikuwa akisema salamu zangu ni fupi kiasi kwamba mgeni hujiuliza amenikosea nini. Tabia hiyo ilinifaa ofisini, ambako wenzangu walijaza kurasa tatu kusema jambo la mstari mmoja, na kwa muda mrefu nilijivunia. Sikujua kwamba siku moja ufupi wangu ungemweka mwanamke mbele ya mtutu wa bunduki.

Nilikuwa mratibu wa mpango wa serikali wa kuhifadhi udongo pembezoni mwa Bujumbura, upande wa kaskazini. Ilikuwa miaka ya vita, na mtu akiniuliza ninafanya kazi gani, jibu langu lilimfanya anitazame kama anayefagia nyumba inayoungua. Hata kwetu Buyenzi, kaka zangu wawili, mafundi wa magari, hawakuniacha nipumue. "Watu wanakimbia, we unapanda majani," walinitania kila nilipotoka na mabuti yangu. Niliwajibu kwamba mvua haijui kama kuna vita, na nikaenda zangu.

Na kweli mvua haikujua. Kule Carama, mahali nyumba zinapokwisha na mashamba kuanza, palikuwa na korongo ambalo kila masika lilimeza kipande kingine cha ardhi. Mpango wetu ulikuwa rahisi. Mwenye shamba linalopakana na korongo aache hatua kumi bila kulima, achimbe mtaro wa kukinga maji, na kwenye ukingo wake apande matete na mianzi. Sisi tulileta miche na majembe. Sharti lilikuwa moja tu, na mkuu wangu alilirudia mpaka likawa linanichosha: mtu akubali mwenyewe, kwa hiari yake. Wazee walikumbuka mitaro iliyochimbwa zamani kwa viboko, na hakuna aliyetaka turudi huko.

Kukubali lakini kulikuwa shughuli. Miezi mingi nilikwenda Carama na karatasi nyeupe na nikarudi nayo nyeupe vilevile. Watu walinikaribisha, wakanipa kiti, wakaitikia "ego, ego", yaani ndiyo, ndiyo, kwa kila nililosema, kisha hakuna aliyetia alama ya kidole. Waliogopa kwamba serikali ikishaandika hatua kumi, kesho itaandika ishirini.

Wa kwanza kukubali alikuwa mjane mmoja, mkulima wa lengalenga, ule mchicha wa kwetu, na maharage, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya pili. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabla ya korongo. Nilipomweleza mara ya kwanza alicheka hadi akashika kiuno, akaniita kama walivyoniita wote, Agronome, yaani mtaalamu wa kilimo.

"Agronome, we uko na udongo wapi?"

"Sina, mama. Mimi ni mtu wa mjini."

"Basi njo maana unagawa ya watu!"

Nilikasirika njia nzima. Lakini masika yale korongo lilichukua jiko lake. Asubuhi aliamka akakuta mafiga mawili yamebaki ukingoni, la tatu limekwenda na maji pamoja na chungu. Wiki ile ile alinitumia ujumbe nije na karatasi. Alichimba mtaro wake mwenyewe, ulionyooka kuliko wowote niliowahi kuona, kisha akaanza kuwasema majirani kwa ukali ambao mimi mtumishi wa serikali nisingeuthubutu. Kufikia kiangazi walikuwa kumi na watano.

Hapa lazima niseme jambo nililolifanya kwa nia njema. Kuna siku mgeni kutoka wizarani alimuuliza mkulima mmoja kwa nini anachimba, naye kwa woga akajibu, "Serikali ilisema." Mpango nusura ufutwe, kwa sababu wakubwa walidhani tunawalazimisha watu. Kuanzia siku hiyo niliwafundisha wote jibu moja. Kila Alhamisi, kabla ya kugawa miche, tulilirudia kwa pamoja: "Tulijitolea wenyewe. Hakuna mutu alitulazimisha." Mjane ndiye alikuwa akiongoza, huku akipiga makofi. Nilifurahi kuwasikia.

Kilichobaki ni orodha rasmi. Kichwa chake, kwa mujibu wa kitabu cha mwongozo, kilikuwa cha mistari minne ya Kifaransa: wamiliki waliokubali kwa hiari yao, hifadhi ya ardhi, mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na kadhalika na kadhalika. Nilikaa mbele ya mashine ya kuandikia, nikaguna, nikakikata. Nikapiga: *Liste des volontaires. Tranchées. Carama.* Orodha ya waliojitolea, mitaro, Carama. Nikakitazama nikaona ni kizuri, kisafi, hakina neno la bure. Nikampelekea mjane akusanye alama za vidole.

Wiki iliyofuata magari ya serikali yalizuiwa kupita Kamenge, mtaa ulio njiani kwenda Carama. Mjane akatuma neno nisihangaike: yeye anakuja mjini kuuza lengalenga, karatasi ataileta mwenyewe. Nilimwona mwanamke wa maana sana.

Siku hiyo nilimngoja mpaka ofisi ikafungwa. Kesho yake asubuhi, kabla sijavua kitambaa cha kichwani, aliingia jirani yake, mwanamke mtaratibu ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya maneno mawili. Alikuwa pekupeku.

"Agronome, wamemushika pa bariyeri. Tangu jana. Banasema tuko wote mu ile karatasi."

Nilimuuliza karatasi gani, kama mpumbavu. Kisha nikatoka naye mbio.

Kwenye kizuizi cha askari nilipelekwa kwa luteni, kijana mrefu mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio ulionitisha. Orodha yangu ilikuwa mezani. Mjane alikuwa amekaa chini nyuma yake, mikono imefungwa kwa kamba, kapu la lengalenga zilizonyauka pembeni. Hakuniangalia.

"Madame, hii ni kazi yako?"

Nikasema ndiyo, na kwamba ni orodha ya wakulima.

"Soma."

Nikasoma. Na nilipokuwa nikiyatamka, maneno yangu mwenyewe yakanigeukia mdomoni. *Volontaires.* Wakati ule neno hilo lilikuwa na maana moja tu mjini: waliojiandikisha kwa waasi kupigana. *Tranchées.* Kwa Kiswahili tungetofautisha, huu ni mtaro na lile ni handaki, lakini neno hilo la Kifaransa hubeba vyote viwili, na mimi ndiye niliyelichagua na kuliacha lile la kitabu, lililokuwa na maana ya mtaro wa maji tu. Chini yake majina kumi na matano, na vidole kumi na vitano vya wino. Nilisimama pale nikiwaza jambo moja la kijinga, kwamba mashine ya kuandikia ilikuwa na utepe mpya.

"Tulimuuliza ni nini hii," luteni akasema. "Unajua alijibu nini?"

Nilijua. Ya Rabi, nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Alisema, 'Tulijitolea wenyewe. Hakuna mutu alitulazimisha.' Tulimuuliza mara ingine. Akajibu vilevile. Usiku wote ni ile maneno tu."

Nililia. Sina aibu kusema. Nilieleza kwa Kifaransa, kwa Kirundi, kwa Kiswahili, maneno mengi kuliko niliyowahi kusema katika maisha yangu, matete, mianzi, korongo, mvua. Luteni alisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema twende tukaone.

Tulikwenda kwa miguu, askari wanne, luteni, mimi, na mjane katikati. Nilikuwa na hakika kwamba akiona mtaro mambo yatakwisha. Mtaro ni mtaro, nilijiambia. Tulipofika, luteni akaingia ndani yake. Akapiga goti, akaegemeza viwiko kwenye ukingo uliopandwa matete, akatazama mbele.

"Kutoka hapa naona barabara yote," akasema.

Nikainama nyuma yake, nikatazama anapotazama. Barabara ilionekana yote, kutoka kona mpaka kona, na kila aliyepita juu yake. Miezi yote ile nilikuwa nimekanyaga ukingo ule, nikipima kina kwa fimbo, nikiusifu unyoofu wake, na sikuwahi kuinua macho. Kwa mara ya kwanza niliamini kwamba mwanamke huyu atakufa, na kwamba nitakuwa nimemuua mimi.

Luteni akamgeukia. "Nani alikufundisha kuchimba hivi?"

Mjane akaniangalia, mara ya kwanza tangu asubuhi. Neno moja tu, Agronome, lingemtosha, na wala halikuwa uongo. Nilisubiri alitamke. Nilitaka alitamke, na niliogopa.

"Maji," akasema.

Akanyoosha mikono yake iliyofungwa kuelekea nyumba. Pale ukingoni mwa korongo yalikuwa bado yale mafiga mawili, meusi kwa masizi, na baada yake hakuna kitu, hewa tupu. Luteni akatoka mtaroni. Akaenda mpaka karibu na mafiga, akachungulia chini, akarudi nyuma haraka udongo ulipomeguka chini ya buti lake.

Aliporudi aliwaambia askari wafungue kamba. Hakuomba radhi, wala sisi hatukungoja radhi. Orodha aliikunja akaiweka mfukoni, na niliponyoosha mkono akatikisa kichwa.

"Hii nabaki nayo."

Mpaka leo sijui iliishia wapi. Ninachojua ni kwamba kabla jua halijashuka, wale kumi na wanne wengine walikuwa mashambani kwao wakifukia mitaro. Walifanya kazi bila kusemezana. Matete niliyoyabeba mgongoni yaling'olewa yakatupwa korongoni, na hakuna aliyenisalimu. Mjane alikuwa amekaa mlangoni akijisugua viganja.

Sikurudi Carama hadi mvua za kwanza zilipoanza kunyesha. Nilijikaza tu. Nilimkuta akitazama korongo, ambalo sasa lilikuwa limeyafikia mafiga na kubakisha moja. Alinipa kiti. Nikakaa, na yeye kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Tutachimba, Agronome," akasema. "Wote walikubali. Lakini ile maneno yako ya hiari, apana. Andika kama ulitulazimisha."

Nikamwambia haiwezekani, mpango ni wa hiari, wakubwa wakiona hivyo wataukataa na kazi yangu itakwisha.

"Mutu mwenye walilazimisha, hawamufungi kamba," akasema. "Mi nilisema ukweli usiku muzima. Andika."

Nikatoa karatasi nikaiweka kwenye goti. Niliandika kwa mkono, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kichwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuandika: kwamba watu wafuatao wa Carama wameamriwa na serikali kuchimba mitaro ya maji ya mvua kando ya korongo, kwamba mitaro hiyo ni ya kuzuia mmomonyoko wa udongo na si ya jambo jingine lolote, na kwamba hawakuulizwa kama wanataka. Nikamsomea.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, taratibu, bila kukata neno. Akachovya kidole kwenye wino, akakigandamiza. Kisha akanirudishia karatasi na kunionyesha nafasi iliyobaki chini, pale pa mtu aliyetoa amri, nami nikaandika hapo jina langu lote, la kwangu, la baba na la babu.