Seben Katikati ya Kilio

Nani kakwambia ule muziki wa roki wa kulialia ni wa watoto wa kizungu waliokosa shida? Kaa hapo nikueleze. Mi nimefanya kazi ya mitambo ya sauti Joburg toka 2015 mpaka 2019, na nimestaafu na miaka ishirini na tisa, kwa hiyo neno kustaafu usilicheke. Wengine wanastaafu mgongo, mi nimestaafu masikio. La kushoto linalia muda wote kama birika lililosahaulika jikoni. Sasa wewe uliyeona video mbili kwenye simu ndo unifundishe?

Siku ya kwanza nilianzia kanisani. Ndiyo, Muislamu wa Tanga, kanisani, ghorofa ya juu ya jengo la zamani pale katikati ya mji, chini wanauza mablanketi ya jumla. Walitaka mtu wa kubeba spika, na mi mgongo ninao. Mkubwa wangu alikuwa Shemasi wa Mitambo, Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa suti hata akiwa anakunja waya. Nikashika maiki, nikapita nayo mbele ya spika, ikatoka filimbi moja wakina mama wakainuka vitini. Shemasi hakufoka. Akaniita pembeni.

"Weye mutoto wa Tanga," akasema, "maiki na spika ni sawa mutu na mama mukwe wake. Wasiangaliane mu macho."

Shule yangu ilikuwa hiyo, sikuwa na nyingine. Mengine nimejifunza kwa kuunguza vitu. Mixa, kwa mfano, ni ile meza yenye vijiti vingi vya kuteleza. Kila kijiti ni mtu: huyu mwimbaji, huyu gitaa, huyu ngoma. Ukikipandisha, yule mtu anasikika. Ukikishusha, anabaki anapiga yeye na Mungu wake. Kwa hiyo fundi mitambo ndo anaamua nani asikike, na hakuna anayejua hata jina lake.

Kutoka kanisani nikahamia mtaa wa La Rochelle, humohumo Joburg, kwenye ukumbi wa harusi na matanga. Bosi alikuwa Mama Mwenye Ukumbi, na alinipa maelezo ya kazi kwa sentensi moja: "Hapa unafungua sauti, mdomo unafunga." Kuhusu sauti nilimtii.

Hapo ndo nikakutana na wawili ninaowapigania mpaka leo. Ya Bienvenu, hiyo Ya kwa Wakongo ni kaka, mlinzi wa duka siku za kazi, mpiga gitaa siku zote, mikono imelelewa kwenye kwaya. Na Neema wa Bukavu, msusi kwenye saluni iliyopakana na ukumbi. Siku moja nipo saluni natengeneza redio, mteja wa Neema, binti aliyezaliwa hukuhuku, Kiswahili anasikia lakini anajibu Kiingereza, akafungulia simu yake kwa sauti. Magitaa yanakwaruza, jamaa anaimba polepole, halafu ghafla anapiga yowe kama kaona maiti. Neema aliacha kusuka. Kiingereza chake wakati ule kilikuwa cha bei na rangi za nywele tu. Akasema, "Huyu amefiwa."

Binti akageuka na kichwa nusu kimesukwa. Yule mwimbaji kweli alikuwa kafiwa na kaka yake. Ndo albamu nzima ilikuwa hiyo.

Sasa sikiliza habari za bendi yake, maana unabisha usichokijua. Wale ni vijana wanne wa mji mdogo Marekani, walianzia chumba cha chini ya nyumba ya wazazi wa mpiga ngoma, jirani anagonga ukuta. Albamu ya kwanza hakuna aliyeitaka. Ya pili, ile ya msiba, ikawapeleka dunia nzima. Wakavaa nyeusi, wakapaka wanja, magazeti ya kwao yakawacheka: wanaume gani wanalia? Wakaendelea kulia. Halafu wakachoka na kuvunja bendi. Sisi tunakuja kuwajua, wao walishaachana zamani.

Tukaanza kupiga nyimbo zao siku ukumbi usipokuwa na shughuli: Neema anaimba maneno aliyoyakariri, Ya Bienvenu gitaa, kijana mmoja wa kwaya ngoma, mi mitambo. Wanja haukutushinda, Tanga mi nilikuwa napakwa sikukuu. Kilichotushinda mwanzoni ni Ya Bienvenu. Kama hujui, muziki wa Kongo unaanza taratibu, halafu unafika seben, pale waimbaji wanapokaa pembeni na gitaa linakimbia lenyewe, watu wanacheza. Yeye kila wimbo wa wale Wamarekani akiufikisha mwisho, vidole vinataka seben. Namwambia, "Ya, hapa ni yowe, sio seben." Anajibu, "Kwetu ku matanga mutu analia, kisha anacheza. Atalia mpaka lini?"

Mtaani walitusema. Wanaume wa pale spaza, kiduka cha mtaani, walimwona Neema kapita kavaa nyeusi, kucha nyeusi, wakamwuliza, "Dada, nani kafa?" Akajibu bila kupunguza mwendo, "Bado tunakungojea wewe." Baada ya muda fundi cherehani Mrundi akawa anabana suruali nyeusi za mabinti wa mtaa mzima, anatikisa kichwa huku anashona. Ukiniuliza wale Wamarekani walifanya nini duniani, mi nakuonyesha hizo suruali.

Kituo changu cha mwisho ni klabu ya roki, Braamfontein. Mkubwa wangu, Meneja wa Jukwaa, mzungu wa hapahapa, maneno ya wale jamaa kachora mkononi. Alikuwa anawapenda kweli, hilo simnyimi. 2019 ikaja habari kwamba wanarudiana. Meneja akapanga Jumapili alasiri ya nyimbo zao tu. Bendi itakayopiga vizuri inapata jukwaa kila Jumapili, na mi, niliyekuwa kibarua tu, nikiwaleta washindi naajiriwa moja kwa moja. Nikawaandikisha Neema na Ya Bienvenu. Sharti moja: "Kama kwenye rekodi. Nukta kwa nukta."

Mwezi huohuo mama yake Neema alifariki Bukavu. Makaratasi ya Neema yalikuwa yamekwama, angetoka asingerudi. Mama akazikwa, binti yupo Joburg anasuka watu. Nikamwambia tuache. Akasema, "Nitalilia wapi sasa? Saluni?"

Jumapili ikafika. Wimbo wa tatu ndo ule wa msiba. Akaenda vizuri mpaka pale penye yowe. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Kasimama mbele ya watu wote, maiki mkononi, mabega yanatikisika. Ngoma ikasita.

Ya Bienvenu akaingia na seben.

Meneja akanijia mbio. "Shusha hilo gitaa, wanaharibu wimbo."

"Bosi, dada kafiwa."

"Kila mtu kafiwa kwenye wimbo huu, ndo wimbo wenyewe. Shusha."

Nikakishika kijiti cha gitaa, nikakipandisha mpaka juu kabisa. Meneja akanitazama kama nimemtukania mama. Kule jukwaani Neema alikuwa ameinamisha kichwa, halafu kiuno kikaanza kuliitikia gitaa, taratibu, machozi yanatembea na wanja mpaka kidevuni. Akaanza kumwita mama yake kwa Kiswahili, kwa jina, na wimbo wa Marekani ukawa matanga ya Bukavu. Usidhani ukumbi mzima ulishangilia. Wengine walikunja mikono, wawili waliondoka. Wengine walicheza kama wanaokanyaga mchanga wa moto. Neema alimaliza amesimama wima.

Jukwaa la Jumapili walipewa vijana walioiga nukta kwa nukta. Mi niliambiwa nivue fulana ya kazi palepale. Nikavua, nikatembea mpaka kituo cha teksi na fulana ya ndani, robot, yaani taa za barabarani, zote nyekundu, na Ya Bienvenu nyuma ananiambia pole, mi namwambia pole ya nini.

Baada ya hapo klabu zingine hazikuniita, na sikio lilishaanza kulia. Leo nauza kava za simu. Sijuti. Wale Wamarekani walichekwa kwa kulia mbele za watu, wakakataa kunyamaza. Aliyewaelewa ni Meneja na rekodi yake, au Neema? Wao wenyewe hawatujui na hawatatujua, sharp, poa tu, hatukuwaomba.

Sasa wewe unayesema ule ni muziki wa waliokosa shida, umewahi kumpandishia mtu sauti, au unajua kushusha tu?