Risasi za Kwale: Safari ya Kumrudisha Shemeji Nambambo

Safari hii sikuipanga. Daktari wa hospitali moja hapa Dar es Salaam alinivuta pembeni ya mlango wa wodi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ini la shemeji yangu limefika mahali ambapo dawa haina la kufanya. "Mpelekeni nyumbani," alisema, "akakae na watu wake."

Shemeji mwenyewe ni Athumani, mume wa dada yangu Somoe, mkulima wa korosho na ufuta kule Nambambo, wilaya ya Nachingwea. Dada alikuwa amebaki shambani kwa kuwa ufuta ulikuwa haujamalizika kupigwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka uji hospitalini asubuhi na jioni. Kwa hiyo kumrudisha likawa jukumu langu.

Nilihangaika namna ya kumwambia. Kumbe alishajua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajivutia shuka kifuani, akasema, "Sawa, shemeji. Lakini kabla ya kupanda basi nipitishe dukani, nikanunue risasi."

Niwaeleze kidogo. Athumani alikuwa na bunduki ya marisau, yenye leseni, na kila msimu alikata kibali cha kuwinda ndege: kanga, kwale na njiwa. Kwa asiyejua, risasi ya bunduki hiyo si kipande kimoja cha chuma. Ni ganda lenye baruti na punje nyingi ndogo, ndizo marisau. Namba ya risasi ikiwa ndogo, punje ni kubwa na, kwa kawaida, baruti ni nyingi na teke la bunduki begani ni zito. Namba ikipanda, punje zinakuwa ndogo na teke linapungua. Kwa kanga, mwenye manyoya magumu na anayependa kukaa mbali, Athumani alitumia namba nne. Kwa kwale, sita. Alikuwa mkali sana juu ya jambo hilo. Kama ndege aliye mbele yako si wa risasi iliyomo kwenye mtutu, shusha bunduki urudi nyumbani ukale kisamvu. Ndege anayeondoka na marisau mwilini, alisema, ni dhambi yako na atakudai.

Mchana wa siku ile tuliyomtoa wodini, tulikwenda kwenye duka la silaha mjini. Muuzaji, mtu mzima mwenye miwani, alimfahamu. Alipomwona alivyokonda, na tumbo lilivyojaa, alijifanya kuisoma leseni kwa muda mrefu. Kisha akaweka boksi la namba nne juu ya meza.

"Zako za siku zote, mzee wa Nachingwea."

Athumani alitoa risasi moja, akaipima kiganjani. Akapeleka mkono mwingine begani kwake, pale kinapokaa kitako cha bunduki, akapapasa. Bega lilikuwa limebaki mfupa na ngozi. Akairudisha risasi kwenye boksi.

"Una nyepesi?" aliuliza.

"Nyepesi kiasi gani?"

"Kiasi cha mtu kama mimi."

Muuzaji alileta namba nane, zenye baruti kidogo. "Hizi ni za njiwa," alisema, "na kwale akiwa karibu sana. Kanga usimjaribu nazo, mzee."

"Kanga nimeshaachana nao," Athumani alijibu. Alitabasamu, lakini hakumtazama usoni.

Alfajiri ya kesho yake tulipanda basi la kusini. Nilimkalisha dirishani, mkoba wenye risasi na leseni ukiwa mapajani pake; bunduki yenyewe ilikuwa Nambambo. Mpaka tunavuka daraja la Rufiji alikuwa amelala. Pale Somanga, wachuuzi walipoinua samaki wa kukaanga mpaka madirishani, aliamka, akavuta ile harufu, akaniomba nimnunulie. Alimshika yule samaki kwenye gazeti mpaka akapoa, kisha akanipa mimi nile.

Alasiri tulishuka Nanganga, panapochepuka barabara ya Ruangwa. Mama mmoja muuza chai alimpisha kwenye benchi lake bila kuombwa.

"Mnamtoa hospitali au mnampeleka?" aliniuliza.

"Tunamrudisha kwao, mama."

Aliitikia kwa kichwa tu. Alimmiminia chai ya tangawizi na akakataa katakata kulipwa.

Jua lilipokuwa likishuka tulifika Ruangwa, naye akasema hawezi tena kukaa garini. Tukachukua chumba gesti. Pale barazani palikuwa na vijana waliotoka machimboni Namungo, suruali zao nyekundu kwa vumbi, wakibishana juu ya mpira. Mmoja alimkaribisha Athumani kwenye kiti, akamwuliza, "Mzee wangu, wewe timu gani?" Athumani akasema yeye ni timu ya kwale. Wakacheka, na yeye akacheka. Lilikuwa cheko lake la kwanza nililolisikia tangu aletwe hospitali.

Tulipoingia chumbani ndipo aliponiambia sababu ya zile risasi. "Tangu nimuoe dada yako, msimu haujapita bila kumpelekea ndege. Hata mwaka ule wa njaa. Nataka ale mchuzi wa mkono wangu mara moja tu. Halafu nikaikabidhi bunduki polisi mwenyewe, ili nikiondoka asije akasumbuliwa nayo."

"Inshallah, shemeji," nilisema.

Asubuhi tulipata gari la Nachingwea, na kutoka hapo nikakodi bajaji mpaka Nambambo. Pande zote mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua. Dada Somoe alikuwa amefagia uwanja mpaka njiani. Alimwona mumewe akishushwa, miguu imevimba, akasimama kidogo.

"Karibu nyumbani, baba Zuhura," alisema. Zuhura ni binti yao wa pekee, ameolewa Songea. Kisha dada akageuka haraka kuelekea jikoni, na tulisikia masufuria yakigongana kwa muda mrefu bila kitu kupikwa.

Zilipita siku kadhaa za kulala na kuamka. Majirani walikuja kumjulia hali, na kila mmoja alimwambia, "Utapona, Mungu mkubwa." Yeye aliitikia, "Amina." Mwenyekiti wa kijiji alimwambia kwamba mwakani watakwenda pamoja kuwinda. Athumani alimtazama sana mtu yule, halafu akageukia ukuta.

Alasiri moja aliniita. "Leo nina nguvu. Beba kigoda."

Tulikwenda polepole mpaka shamba la karanga lililovunwa nyuma ya nyumba, yeye akitembea kwa fimbo na mimi nikiwa nimebeba kigoda na bunduki. Nilimkalisha kwenye kivuli cha mkorosho. Mwenyewe aliweka risasi mbili, akafunga mtutu, akatulia. Kwale walikuwa wanalia kwenye majani ya upande wa kushoto, karibu kabisa. Tulingoja watoke. Bunduki ilikuwa ikimlemea, nikamwekea goti langu aegemeze.

Kwale hawakutoka. Badala yake, upande wa mbali wa shamba, kundi la kanga lilitoka kichakani likaanza kuchakura, wote wakiwa wamenona, vichwa chini.

Athumani aliinua bunduki.

"Shemeji," nilimnong'oneza, "hao ni kanga."

"Nawaona."

"Wako mbali."

Nikasikia akisema Bismillahi, na bunduki ikalia. Hata teke lile dogo lilimtoa kigodani, akaanguka chali. Mle shambani kanga waliruka wote isipokuwa mmoja. Huyo alianguka, akajiinua, akakimbia kuelekea kichakani, ubawa mmoja ukiburuta.

Nilitaka kumwinua kwanza. "Niache!" alipiga kelele. "Mfuate!"

Nilimfuata. Niliona manyoya matatu na tone la damu kwenye jani, basi. Kichaka kile ni cha miiba, kimeshikana mpaka bondeni. Niliingia kwa tumbo na kisu mkononi, nikitega sikio. Nilipotoka kutazama nyuma, nilimkuta Athumani ametambaa mpaka katikati ya shamba, kanzu imejaa udongo, akiniashiria kwa fimbo, "Kushoto! Tazama kushoto!" Tulitafuta hivyo mpaka jua likazama.

Nilipomwinua alikuwa analia wazi, kama anavyolia mtu msibani.

"Nilijua ni mbali," alisema. "Nilijua ni namba nane. Nikasema labda. Miaka yote nawakataza watu neno hilo, na leo nikasema labda."

Nyumbani dada alikuwa ameusikia mlio, akachemsha maji ya kunyonyolea ndege. Alitutazama mikono mitupu, mmoja amechanika kwa miiba, mwingine macho mekundu. Aliyachanganya yale maji na ya baridi kwenye beseni, akachuchumaa, akamwosha mumewe miguu. Tulikula ugali na kisamvu.

Asubuhi Athumani alinituma tena. Nilizunguka kile kichaka chote mpaka jua likawa kali. Sikuona kitu. Nikiwa njiani kurudi, nilijipangia la kusema: nimemkuta amekufa, ameshaliwa na siafu, nimemfukia, usiwe na wasiwasi. Lilikuwa neno jepesi tu, la kumpumzisha mgonjwa. Nilifika, nikamkuta ameketi kitandani akinisubiri, na macho yale yakanishinda.

"Sikumwona, shemeji," nilisema. "Huenda bado anatembea na maumivu yake."

Alifumba macho. "Ahsante," alisema. "Tangu nilale hospitali, ni wewe tu unayeniambia jambo baya kama lilivyo."

Siku hiyohiyo alitaka apelekwe Nachingwea mjini. Polisi waliokuwa zamu walimpa kiti. Aliweka mezani bunduki, leseni, na risasi zote zilizobaki. Askari aliyezipokea alikuwa msichana mpole. Aliikagua leseni.

"Lakini, babu, hii bado haijaisha."

"Ni kweli," Athumani alisema. "Niliyeisha ni mimi."

Yule askari alimwandikia hati ya mapokezi, akamsindikiza mpaka kwenye bajaji, akimshika kiwiko kama mjukuu wake.

Tulipopita sokoni, Athumani akasimamisha bajaji. Aliniagiza jogoo, akamchagua mwenyewe kwa kumwonyesha kwa fimbo, akampakata mpaka Nambambo. Alimkabidhi dada pale mlangoni. "Msimu huu ndege wangu ni huyu, mama Zuhura. Hakuruka mbali." Dada alicheka, kisha kilio alichokizuia tangu siku ile tulipofika kikamtoka chote, huku amembana yule jogoo kifuani.

Siku iliyofuata nilianza safari ya kurudi Dar es Salaam, kwa kuwa ruhusa yangu ya kazi ilikuwa imekwisha. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na nilijua, naye alijua, kwamba hatutaonana tena. Kuanzia Nachingwea mpaka Ruangwa sikuona barabara.

Haukupita muda mrefu, nikapigiwa kwa simu ya dada nikiwa kazini. Sauti ilikuwa ya Athumani, nyembamba, ya kuhema.

"Shemeji Bakari, hapa kila mtu ananiambia nitaona korosho za mwaka huu. Wewe unasemaje?"

Nilitoka nje, nikaegemea ukuta. Nilijua anachoniuliza, na kwa nini ananiuliza mimi.

"Hapana, shemeji," nilimwambia. "Sidhani."

Nilisikia pumzi yake, na nje ya dirisha lao nikasikia kuku. "Haya," alisema hatimaye. "Basi dada yako asingoje mavuno. Ampigie Zuhura aje sasa hivi."

Zuhura alitoka Songea siku hiyohiyo. Alimkuta baba yake anaongea. Walikaa pamoja siku chache, akamlisha uji kwa kijiko, akamsomea Yasini, na alipofariki kichwa chake kilikuwa mapajani pa bintiye. Nilifika kwa mazishi. Baada ya watu kutawanyika, Zuhura alinijia, akapiga goti kunisalimu kama anavyofanya siku zote, lakini safari hii hakuinuka haraka.

"Shikamoo, mjomba," alisema. "Wengine wote waliniambia nije wakati wa korosho."

Nilipoondoka Dar es Salaam na shemeji yangu, nilidhani kazi yangu ni kumfikisha kwake na kumpa lile alilotamani. Alilotamani hakulipata. Nililojifunza katika safari ile ni kwamba anayekufa anazungukwa na watu wengi wa kumpa moyo, na ni wachache sana anaoweza kuwauliza swali.